Mazoezi ya Mawimbi ya Ubongo kwa Mwenye Kiwewe au Sonona: Namna ya Kuyaanza, Kuyafuata na Kuyapima

Swali la kwanza huwa ni la stima. Mama mmoja wa Maweni, hapa Malindi, aliukamata waya kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayejaribu joto la pasi ya makaa kabla ya kuiweka kwenye nguo, akaniuliza: "Mwanangu, na stima hii ikizidi nitakuwaje?" Nikamjibu kwamba stima haimwendei yeye, ni kichwa chake kinachotoa umeme, na waya ule unausikiliza tu, kama kile kipimo cha daktari kinavyosikiliza kifua bila kukiongezea kitu. Akafikiri kidogo, akavua hereni zake na kuzifunga kwenye pindo la leso.

Naanza na swali hilo kwa sababu mazoezi ya mawimbi ya ubongo huchanganywa na matibabu mengine ambayo kweli huingiza nguvu kichwani, yaani tiba ya mshtuko wa umeme, ambayo hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, na tiba ya sumaku. Hayo ni ya daktari bingwa na yana mahali pake. Mazoezi ninayoyaeleza ni mafunzo: ubongo unaonyeshwa kazi yake wenyewe papo kwa papo, na kidogo kidogo unajifunza kuibadilisha. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kiwewe, yaani mshtuko unaobaki baada ya tukio la kutisha, au sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, au jamaa anayemshika mkono, ambaye amesikia habari zake na anataka kujua ajiandae vipi, na atajuaje kama yanamfaa au yanammalizia pesa. Rai yangu niitangulize ili msomaji asije akasema nilimficha: haya ni mazoezi ya kusaidia tiba, si ya kuanzia tiba, na asiyeyapima kwa karatasi na kalamu hatajua kamwe kama yamemsaidia.

Yanavyofanya kazi

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Unapofika juu ya ngozi ya kichwa huwa ni makumi tu ya sehemu za milioni za volti moja, ilhali betri ndogo ya tochi ina volti moja na nusu. Mjerumani Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, ndiye aliyefaulu kwanza kuunasa umeme huo kutoka kwenye kichwa cha binadamu mwaka 1924, akautangaza mwaka 1929. Mawimbi yake hugawanywa kwa kasi: delta, chini ya mizunguko 4 kwa sekunde, hutawala katika usingizi mzito, theta, kati ya 4 na 8, huja mtu anaposinzia, alfa, kati ya 8 na 13, huonekana zaidi mtu aliyetulia anapofumba macho, na beta, kati ya 13 na 30, ni ya mtu aliye macho na mwenye shughuli. Hakuna wimbi zuri wala baya. Theta nyingi saa nane za usiku ni usingizi unakuja. Theta nyingi saa nne za asubuhi, mtu akiwa kwenye usukani, ni hatari.

Mafunzo yenyewe ni rahisi kueleza. Mtaalamu huchagua wimbi analotaka liongezeke au lipungue mahali fulani pa kichwa, kisha kompyuta hupewa kiwango. Ubongo ukifikia kiwango hicho, hata kwa nusu sekunde, kompyuta hutoa tuzo: filamu hung'aa, mlio laini husikika, au chombo kwenye skrini husogea mbele. Ukishuka, filamu hufifia. Mgonjwa hawezi kueleza amefanya nini hata filamu ikang'aa, na hatakiwi kueleza. Katika miaka ya 1960, huko Marekani, Barry Sterman aliwafundisha paka kwa njia hii, akiwapa chakula kila walipotoa wimbi la mizunguko 12 hadi 15 kwa sekunde, na baadaye akaona kwamba paka wale walistahimili zaidi sumu inayoleta kifafa kuliko wenzao ambao hawakufunzwa. Napenda kuwakumbusha watu habari za paka hao, kwa kuwa paka hakuahidiwa kupona wala hakuamini chochote.

Binadamu huamini, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwaka 1991 Eugene Peniston na Paul Kulkosky waliripoti habari za wanajeshi 29 wa Marekani waliorudi na kiwewe kutoka vita vya Vietnam. Kumi na watano walipewa vikao 30 vya nusu saa vya mafunzo ya alfa na theta, na 14 wakaendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya miezi 30, wote 14 walikuwa wamerudiwa na hali yao, lakini katika wale 15 ni watatu tu. Matokeo hayo yalivuma, ingawa kundi lilikuwa dogo na kila mtu alijua nani anapewa nini. Mwaka 2016 Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha jaribio la watu 52 wenye kiwewe cha muda mrefu ambao tiba nyingine hazikuwatosha; baada ya vikao 24 katika wiki 12, asilimia 27.3 ya waliofunzwa ndio waliobaki na vigezo vya ugonjwa huo, dhidi ya asilimia 68.2 ya waliokuwa wakisubiri zamu yao. Hiyo ni tofauti kubwa, lakini kumbuka kwamba waliolinganishwa nao walikuwa wamekaa kwenye foleni tu. Hawakuvishwa waya wa bandia, yaani mafunzo ya kuigiza tu, ili wasijue nani anafunzwa kweli. Mahali ambapo waya wa bandia ulitumika, katika jaribio la watoto 144 wenye tatizo la kutotulia lililochapishwa mwaka 2021, watoto wa makundi yote mawili walipata nafuu, na waliofunzwa kwa kweli hawakuwazidi wenzao.

Kwa sonona hoja ni dhaifu zaidi. Richard Davidson na wengine walionyesha kwamba baadhi ya watu wenye sonona wana alfa nyingi zaidi upande wa kushoto wa paji la uso kuliko wa kulia, dalili kwamba upande ule umezubaa, na mafunzo yakabuniwa ili kuusawazisha. Tafiti zilizofuata ni ndogo na hazikubaliani. Kwa hiyo mwenye kiwewe ana sababu ya kutosha ya kuyajaribu. Mwenye sonona peke yake, bila kiwewe, ningemshauri ayaweke mwisho wa orodha yake.

Nani aanze, nani asubiri

Malindi haina uhaba wa wenye kiwewe. Wapo wavuvi waliorudi wakiwa watano katika chombo kilichotoka na saba. Tangu Aprili 2023, miili ya waumini wanaosemekana kufunga hadi kufa ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola hadi idadi ikapita 400, wapo waliochimba, waliobeba, waliopokea miili katika chumba cha maiti na waliosubiri majibu ya vinasaba wakiwa wameshika picha ya mtoto. Watu hawa mara nyingi hawaji wakisema wana kiwewe. Husema usingizi hauwashiki, moyo unawaenda mbio mlango ukigongwa, au hawawezi tena kupita njia fulani. Wengine wameshapelekwa kwa mwalimu wakasomewa na kunywa kombe, na mimi sioni sababu ya kumwambia mtu aache kisomo kinachompa utulivu, mradi asiambiwe na yeyote kwamba kisomo kinamkataza hospitali.

Anza hospitali. Muone daktari au muuguzi wa afya ya akili, kwanza ili kujua kama usingizi uliokupotea si wa tezi la shingo, upungufu wa damu au dawa unazotumia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unataja kwa kiwewe tiba ya mazungumzo inayolenga tukio lenyewe na tiba ya kusogeza macho aliyoibuni Francine Shapiro. Mazoezi ya mawimbi ya ubongo hayamo katika mapendekezo hayo. Kwa sonona kuna tiba ya mazungumzo na dawa. Mtu anayefaa kwa mafunzo haya, kwa maoni yangu, ni yule aliyepitia mojawapo ya njia hizo na bado ana masalia, au yule ambaye kila akijaribu kusimulia anaganda, macho yanakuwa ya mbali, na kikao kinaishia hapo. Huyo wa pili ndiye ninayemfikiria zaidi. Mafunzo hayamtaki asimulie, na mwili uliotulia kidogo baadaye huweza kuvumilia maneno.

Asubiri kwanza mwenye kusikia sauti zisizokuwepo, mwenye kifafa ambacho hakijadhibitiwa, na anayetumia pombe au dawa za kulevya kila siku. Anayefikiria kujiua asingoje mafunzo wala kumaliza kusoma makala haya. Amwambie mtu aliye karibu naye sasa, aende hospitali au apige 1199, simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Wengi walikuwa wakificha kwa kuogopa polisi, na ni vyema wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba.

Kumchagua mtoa huduma na kupiga hesabu

Mtazame mtu kabla ya mashine. Mashine inaweza kununuliwa na yeyote mwenye kadi ya benki, lakini kukaa na mtu ambaye kumbukumbu imemfurikia katikati ya kikao ni kazi ya aliyesomea. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo usione haya kuuliza mtu amesajiliwa kama nani na alifunzwa wapi kutumia mashine hiyo. Muulize pia atakufunza wimbi gani, mahali gani, na kwa nini kwako wewe. Akikujibu kwamba kompyuta ndiyo inayojua, muage kwa adabu. Muulize atafanya nini ukizidiwa. Muulize kama amewahi kumwambia mtu kwamba mafunzo hayamsaidii akayakatiza. Anayekuahidi kupona kabisa, au anayetaka ulipie vikao 40 siku ya kwanza, hakufai.

Hesabu ya nauli ifanywe mapema kuliko hesabu ya ada. Ikiwa kliniki uliyoipata iko Mombasa, karibu kilomita 120 kutoka Malindi, mara mbili kwa wiki kwa wiki 12 ni safari 24 za kwenda na kurudi, yaani zaidi ya kilomita 5,700 za matatu, pamoja na siku za kazi zinazopotea. Kwa anayetoka Lamu ongeza boti ya Mokowe na barabara ndefu, na kwake yeye nadhani ni heri ajitafutie jamaa wa kukaa naye Mombasa kwa miezi hiyo mitatu au aachane na jambo hili. Mafunzo ya kikao kimoja kila baada ya wiki tatu ni sawa na kujifunza kuogelea kwa kutembelea ufuo siku za sikukuu.

Kuna vifaa vya kuvaa kichwani vinavyouzwa kwenye intaneti kwa ajili ya kutulia nyumbani. Havina ubaya kwa mtu mwenye afya anayetaka kujifunza kukaa kimya. Kwa mwenye kiwewe nasema hapana, hasa mafunzo ya alfa na theta ya macho yaliyofumbwa, kwa sababu katika hali ile ya kukaribia usingizi picha za tukio huweza kupanda bila kuitwa, na kifaa hakina mkono wa kukushika.

Kabla ya kikao cha kwanza

Jaza karatasi mbili na uziweke. Moja ni PHQ-9, maswali tisa ya sonona yenye jumla ya pointi 0 hadi 27, ambapo 10 na kuendelea huhesabiwa kuwa hali inayotaka kuangaliwa na mtaalamu. Nyingine ni PCL-5, maswali 20 ya kiwewe yenye jumla ya pointi 0 hadi 80. Kisha kwa wiki mbili andika kila asubuhi kwenye daftari la mtoto wa shule ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, na kama ulishtuka kwa ndoto. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ambayo ningeitetea kuliko zote, maana baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka kwa haki alikuwaje mwanzoni. Aliyetoa pesa nyingi hukumbuka kwamba alikuwa mahututi.

Dawa usiziache wala usizipunguze bila daktari wako, lakini zitaje zote. Dawa za jamii ya diazepamu, kwa mfano, huongeza mawimbi ya beta, na mtaalamu asiyejua unazimeza atasoma vibaya picha yako. Taja miraa pia. Siku ya kikao usitafune, na kama umezoea vikombe vitatu vya kahawa chungu, kunywa kile unachokunywa kila siku wakati ule ule, ili siku moja isitofautiane na nyingine. Katika Ramadhani weka kikao asubuhi, kabla njaa na kiu hazijaanza kusema, au usimamishe hadi baada ya Idi, mimi ningesimamisha.

Nywele zioshwe usiku wa kuamkia siku hiyo kwa sabuni tupu. Mafuta ya nazi ni adui wa kipimo hiki, kwa sababu hukaa kati ya ngozi na elektrodi, ile ncha ya waya inayobandikwa kichwani, na mtaalamu atasugua mpaka ngozi iwe nyekundu bila kupata kitu. Asiyetaka kufumua nywele zilizosukwa amwambie msusi aache mstari wazi juu ya utosi na pembeni juu ya sikio la kulia. Mwanamke anayejisitiri ana haki ya kuomba mhudumu mwanamke na chumba chenye pazia, na aombe hilo kwenye simu ya kwanza, si akiwa ameshaketi kitini.

Ndani ya kikao

Mtaalamu atachukua futi ya kitambaa, kama ya fundi cherehani, apime kutoka kwenye kibonyeo kati ya macho hadi kwenye kifundo cha kisogoni, kisha kutoka mbele ya sikio moja hadi la pili. Vipimo hivyo hugawanywa kwa asilimia 10 na 20, ndiyo sababu kichwa cha mtoto na cha mzee huwekwa alama mahali palepale kwa uwiano. Atatia nukta kwa kalamu laini, asugue ngozi kidogo kwa dawa yenye chembechembe, aweke uji mzito unaopitisha umeme, abandike elektrodi, na abane nyingine kwenye ndewe za masikio. Katika jaribio la mwaka 2016 mahali palipotumika ni pembeni na nyuma, upande wa kulia wa kichwa. Kabla ya kuanza, mashine huonyesha kama mguso ni mzuri. Ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kati ya ngozi na elektrodi, ukiwa mkubwa, basi mnachokifunza si ubongo.

Hili la mwisho si la mafundi peke yao. Kukaza meno hutoa mawimbi ya kasi yanayofanana na beta, kupepesa macho hutoa mlima mkubwa wa mawimbi ya polepole, na jasho, ambalo hapa pwani halihitaji mwaliko, huyumbisha mistari yote. Niliwahi kushuhudia kikao kizima kikipotea katika chumba kimoja kwa sababu kompyuta ilikuwa imechomekwa ukutani karibu na feni kuukuu, na umeme wa nyumbani, ambao nchini kwetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, ulijaza skrini nywelenywele nene. Mhudumu alisifu maendeleo ya mgonjwa kwa dakika 20, kumbe ilikuwa ni maendeleo ya feni. Omba kompyuta itumie betri yake. Omba uonyeshwe mistari unapokaza meno na unapoyalegeza, ili ujue mwenyewe tofauti.

Baada ya hapo kazi yako ni ndogo. Kaa, legeza taya, acha mikono mapajani, tazama filamu. Usiilazimishe ing'ae. Anayejikakamua ndiye ambaye filamu yake hufifia, na wavuvi hulielewa hili haraka kuliko sisi wa ofisini, kwa kuwa wamezoea kushika mshipi bila kuuvuta. Mafunzo huenda vipande vya dakika chache vyenye mapumziko kati yake, jumla dakika 20 hadi 30. Ukihisi picha zinakuja, sema. Mtaalamu atasimamisha, atakurudisha chumbani: miguu sakafuni, taja vitu vitano unavyoviona, kunywa maji. Si aibu, na si dalili kwamba mmeharibu kitu.

Siku ile unaweza kuumwa kichwa, kuchoka, kukasirika upesi au kuota ndoto nzito. Ziandike kwenye daftari na uziseme kikao kinachofuata, kwa sababu kiwango au mahali pa elektrodi hubadilishwa kutokana nazo. Zikidumu zaidi ya siku mbili, piga simu usisubiri. Usiendeshe bodaboda moja kwa moja ukitoka kikaoni ikiwa bado una usingizi.

Kuyapima, na kuyaacha

Baada ya vikao 10 jaza tena karatasi zile mbili bila kutazama majibu ya kwanza. PCL-5 ikiwa imeshuka kwa pointi 10 au zaidi, na PHQ-9 kwa pointi 5, kuna jambo linaloendelea, hata kama hatuwezi kuapa kwamba ni wimbi na si kiti, mtu mpole na saa moja ya utulivu mara mbili kwa wiki. Endelea hadi 20 au 24. Kama hakuna kilichosogea, si kwenye karatasi wala kwenye daftari la usingizi, acha, na pesa iliyobaki uipeleke kwenye tiba ya mazungumzo. Pointi zikipanda, acha mara moja na umrudie daktari. Picha za rangi za ubongo zilizochapishwa kabla na baada zisikushawishi. Hutofautiana hata kwa saa ya siku, na mtu hatibiwi ili picha yake ipendeze.

Waliopata nafuu wajaze tena mwezi mmoja baada ya kumaliza, kisha miezi mitatu. Mama wa Maweni hakupenda karatasi za maswali, akidai zinamuuliza jambo moja kwa milango tofauti, lakini daftari aliliweka vizuri. Ukurasa wa wiki ya kwanza ulikuwa na mistari mitatu mitatu ya kuamka kila usiku. Ule wa mwezi wa tatu, kwa mwandiko wa mjukuu wake, ulisema: "Amelala saa nne usiku. Ameamka mara moja, kwa paka."